Njia ya Kwao Bruda

Nakijua kijiji kimoja cha Ufaransa ambacho sijawahi kukitia machoni. Nakijua kuliko mtaa wangu wa hapa Mpanda, ninaoishi mwaka wa kumi na nne sasa. Ukikijia kutoka bondeni unaanza na daraja la mawe. Ukishavuka, mkono wa kulia kuna kinu cha maji kilichoacha kusaga zamani. Mkono wa kushoto kuna mahali pa kufulia nguo, pameezekwa, na mawe yake yamelika pale wanawake walipopiga magoti. Unapanda. Duka la mikate, kisima, nyumba yenye mlango wa bluu, jiwe la majina, kanisa. Nyumba ya mwisho kabla ya makaburi, yenye mti mkubwa ambao matunda yake huchomwa kwenye makaa, ndiyo kwao Bruda.

Sikukisoma kijiji hicho katika kitabu. Nilifundishwa kwa mdomo, kama tulivyofundishwa sala, na nilipokijua chote nilikitumia kumuua mtu. Najua neno kuua ni kali. Nimelitafutia mwenzake miaka yote hii, sijampata.

Siri hiyo nilikuwa nimeizoea. Mtu huzoea hata kidonda cha mguuni, anakifunga kitambaa na anakwenda sokoni. Halafu mwezi uliopita tulimzika baba huko Mamba, na siku ya kuanua matanga Mama akanipa ufunguo wa sanduku lake la bati nitoe nguo za kugawa. Chini kabisa, chini ya suti aliyofungia ndoa, nikakuta mfuko wa nailoni, ule mwepesi wa kupimia sukari dukani, umekunjwa mara nne. Ulinuka ukungu na nta ya mshumaa. Ndani mlikuwa na karatasi, na sikuhitaji kuikunjua ili nijue ni karatasi gani. Mfuko ule niliufunga mimi kwa mikono yangu, na nilidhani umepotelea Kongo.

Sisi hatukuwa watu wa Mamba, ingawa baba alizaliwa huko. Mimi nilizaliwa ziwani, kusini ya Karema, katika kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji mpaka hakikuwa na pa kukua. Nyuma yetu genge, mbele yetu Ziwa Tanganyika, katikati mihogo, migomba na nyumba za udongo. Barabara ilikuwa moja, na masika ilikatika. Juu ya kamlima kadogo palikuwa na misheni ya matofali mekundu, na baba alikuwa mpishi wa misheni. Kazi hiyo ilimpa heshima ambayo wavuvi hawakuwa nayo. Alivaa viatu siku za kazi, alijua kuoka mkate, na mikono yake ilikuwa laini kuliko ya mama.

Wamisionari wa Kizungu walikuwa wamekwisha. Wengine walikuwa makaburini nyuma ya kanisa, wengine walirudi kwao. Parokia ilikuwa mikononi mwa padri kijana, mtu wetu wa huku huku, mkali na mwenye kazi nyingi. Aliyebaki alikuwa Bruda Leoni peke yake. Hakuwa padri, alikuwa seremala na fundi wa kuezeka. Kila mlango uliofungika vizuri pale kijijini, aliyeutengeneza ni yeye. Penseli ya useremala ilikaa sikioni mwake mpaka uzeeni, hata alipokuwa hana tena cha kupima.

Nilipoingia darasa la tatu, Bruda alikuwa ameanza kusahau. Alianza na majina ya watu, kisha siku, kisha akawa anamwita baba kwa jina la mtu aliyekufa zamani. Baba ndiye aliyemwogesha, akamvalisha, akamkatia nyama vipande vidogo. Nami kila nilipotoka shule nilipita jikoni kwa baba, nikala ukoko wa mkate, nikaenda kukaa na Bruda barazani. Hakuna aliyenituma. Nilimpenda, na yeye hakunichoka.

Siku moja aliniambia, "Skola, kichwa changu kinavuja. Nimeezeka mapaa ya watu wote hapa, la kwangu linavuja. Wewe una kichwa kizuri. Nishikie kijiji changu."

"Nitakishikaje, Bruda?"

"Nitakutembeza. Ukishakijua, mimi nikipotea utanirudisha."

Basi tukawa tunatembea, tumekaa pale pale barazani. Yeye aliuliza, mimi nikajibu, kwa sauti ile tuliyotumia kanisani kwenye litania.

"Tunaanzia wapi?"

"Darajani."

"Mkono wa kulia?"

"Kinu."

"Mkono wa kushoto?"

"Wanawake wanafua."

Kila kituo kilikuwa na habari zake. Kule mto ulikuwa unaganda mwezi mzima mpaka watoto wanatembea juu yake, nami nilikubali kwa sababu Petro naye alitembea juu ya maji. Njia panda palikuwa na msalaba wa mawe, hapo ndipo zamani za tauni wagonjwa walizuiwa wasiingie, na ndugu zao walikuwa wakiwaachia mikate juu ya jiwe kisha wanakimbia. Wakati wa njaa watu walikula matunda ya ule mti, asubuhi na jioni, mpaka watoto wakalia wakiyaona. Shule ilikuwa imefungwa kwa kukosa watoto. "Wamebaki wazee na paka," Bruda alisema, na akacheka, na machozi yakamtoka.

Kituo nilichokiogopa ni jiwe la majina. Lilisimama mbele ya kanisa, limeandikwa majina ya wanaume wa kijiji waliokwenda vitani wasirudi, na majina yalikuwa mengi kuliko nyumba. Jina la baba yake Bruda lilikuwemo. Alikufa kabla mwanawe hajazaliwa. Kila Jumapili mama yake Bruda alipotoka misani aliligusa jina lile kwa kidole, na mtoto naye akanyanyuliwa aliguse.

"Nani aliwaroga wote hao?" niliuliza.

"Wakubwa," Bruda akasema.

Mikono yake ilipozidi kutetemeka tukaona kijiji tukiweke kwenye karatasi. Alichana ukurasa wa kalenda ya parokia, akachora mistari nyuma yake kwa rula, njia, mto, nyumba. Maandishi niliandika mimi. DARAJA. KINU. WANAWAKE WANAFUA. MLANGO WA BLUU. HAPA KWAO BRUDA. Na juu kabisa, upande wa kulia, niliandika kama mwalimu wetu alivyotuamuru tuandike kwenye kila karatasi, asiyeandika viboko.

Sasa kosa langu. Nilieleze kwa utaratibu, maana watu wazima niliowahi kukaribia kuwaambia nilihisi wangecheka.

Siku nyingi za mwaka, ukisimama ufukweni kwetu unaona maji tu. Lakini masika, mvua ikishanyesha na hewa ikawa safi, milima inatokea upande wa pili, ya bluu, mirefu, unaona mpaka mabonde yake. Nyumbani hakuna aliyeiita kwa jina. Walisema "kule" tu. Na kutoka kule zilikuja boti za mbao zenye mashine, zimebeba mawese, sabuni na vitenge, zikarudi na mchele na mahindi. Hazikutia nanga mwaloni, pale wavuvi wanapoteremshia samaki, kwa sababu huko kulikuwa na mtu wa ushuru. Ziliingia kwenye kaghuba nyuma ya mwamba, na sisi watoto tulikuwa tukienda kuzitazama. Watu wa boti wakigombana wao kwa wao, au wakitaka tusielewe bei, waliongea lugha ile ile ambayo Bruda aliongea usingizini. Mimi niliitambua mara moja. Nilikuwa najua kuhesabu kwa lugha hiyo mpaka kumi, Bruda alinifundisha.

Kwa hiyo kwa akili yangu mambo yalikuwa wazi. Ufaransa ilikuwa pale, ng'ambo ya maji, na siku za hewa safi tulikuwa tunaiona. Kwamba watu wa boti ni weusi kama sisi halikunisumbua. Padri wetu naye alikuwa mweusi, na kabla yake walikuwa Wazungu.

Hata hivyo sikukurupuka. Nilifanya uchunguzi. Mwenye boti mmoja, mtu mnene mpole aliyeitwa Papa Kalunga, alikuwa akitupa vipande vya miwa. Nikamuuliza, "Papa, kwenu kuna daraja la mawe?"

"Kuko, mama. Babelgi ndio balijenga."

"Na kanisa juu ya kilima?"

"Kanisa kubwa sana! Iko na makaburi nyuma."

"Na mahali wanawake wanafua?"

Akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Wewe mutoto! Kwetu byote biko."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimewakasirikia watu wazima wote. Kwa maana wakati huo Bruda alikuwa anateseka. Kila alasiri, kengele ikilia, alisimama barazani akaanza kulia kama mtoto: nataka nyumbani, mama ananisubiri. Alikwisha kutoroka mara mbili. Mara ya kwanza walimkuta kwenye barabara ya Mpanda na begi lake, mara ya pili yuko kwa mjane mmoja anadai kahawa. Padri alimwita baba akamwambia mbele yangu, "Filibeti, akitoka tena mara ya tatu tutaachana. Mimi siwezi kujibu kwa maaskofu mzee akiliwa na mamba." Na nilimsikia baba akimnong'oneza Mama kwamba Bruda atahamishwa mjini, mbali, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, ambako hamjui hata mtu mmoja.

Nilimuuliza baba, "Kwa nini msimpeleke kwao?"

"Kwao mbali, mwanangu."

Nikatazama milima. Kweli ilikuwa mbali, lakini Papa Kalunga alivuka ziwa kila wiki na magunia. Nikaona watu wazima ni wavivu, au ni wachoyo wa nauli.

Siku yenyewe ilikuwa alasiri ya masika, mvua imekatika, watu wako mashambani. Baba alikunja kikapu akaniambia, "Skola, nakwenda mwaloni kutafuta samaki wa jioni. Kaa na Bruda. Asivuke mlango huu mpaka nirudi. Umenisikia?"

"Nimesikia, baba."

Na milima ilikuwa imetokea, bluu safi. Na boti ya Papa Kalunga nilikuwa nimeiona asubuhi.

Sikumsubiri aanze kulia. Nilimwambia, "Bruda, leo tunakwenda kwenu." Alinitazama, kisha akaingia ndani akavaa koti na kofia, akafunga vifungo vyote mwenyewe, jambo ambalo hakuwa ameliweza kwa miezi. Nilimshika mkono. Tulipita nyuma ya kanisa, kwenye migomba, tukateremka kwa njia ya mbuzi. Alikuwa mwepesi. Mimi ndiye niliyekuwa namwambia pole pole.

Papa Kalunga na vijana wake wawili walikuwa wanasukuma boti. Bruda aliwasalimu kwa Kifaransa nao wakamwitikia, na sijapata kuona uso wa mtu ukifunguka namna ile. Aliongea, aliongea, maneno ambayo kwa Kiswahili yalikuwa yamemkimbia yote yalikuwepo. Nikajisemea, unaona sasa, hakuwa mgonjwa, alikuwa na hamu ya kwao tu.

"Anavuka na siye?" Papa Kalunga aliniuliza.

"Ndiyo. Anakwenda kwao."

"Padri anajua?"

"Anajua."

Papa Kalunga alikuna kidevu. "Haya. Bamisioneri ya zamani bote balikuwa banavuka na sisi." Wakambeba mikononi wakamkalisha juu ya gunia la mchele. Mimi niliingia majini mpaka kiunoni nikamtia ile karatasi katika mfuko wa shati, ndani ya mfuko wa nailoni wa sukari nilioufunga fundo ili isilowe.

"Ukisahau, soma," nilimwambia.

"Wewe huji?"

"Baba atanigombeza."

Akaniwekea mkono kichwani. Boti ikageuka. Nilisimama pale nikiwa na furaha ambayo sijaipata tena maishani, na ninaisema kwa sababu ni kweli, ingawa inaniaibisha.

Baba aliporudi na samaki alinikuta nimekaa kizingitini kwa Bruda, nguo zimekauka mwilini. "Vipi, mzee?" aliuliza.

"Amelala."

Nilisema hivyo ili boti ifike mbali. Baba alinyata asimwamshe, akaenda kupara samaki. Alikuja kufungua mlango wakati wa kumpelekea chai, na jua lilikuwa limekwisha kuzama. Kama ningesema ukweli saa ile ile, kulikuwa na boti mbili nyepesi za mashine mwaloni ambazo zingeweza kuifuata boti ya magunia. Hesabu hiyo nimeifanya mara nyingi.

Kijiji kizima kilimtafuta kwenye mihogo, kwenye mto, kwenye mawe ya ufukweni. Usiku huo na kesho yake mvua ilinyesha bila kupumzika. Mimi nilinyamaza. Nilikuwa nangoja wachoke, wakubali. Kichwani mwangu nilimwona Bruda amekaa chini ya ule mti wake na mama yake, wanachoma matunda.

Siku ya nne wavuvi wa kule walimleta, amefungwa kwenye mkeka. Watu walijaa mwaloni na mimi nikapenya katikati ya miguu nikasikia yote. Wakasema aliteremka kwenye boti kesho yake alfajiri, watu wakataka kumpeleka misheni, akakataa. Akawaambia haina haja ya kumsindikiza, njia anaijua. Wakamwona anapanda peke yake, anasoma karatasi. Kila aliyekutana naye alimwambia mama yake anamsubiri. Walimkuta asubuhi ya pili, amekufa, amekakamaa kwa baridi, nguo zote maji. Amekaa mwisho wa daraja la mawe, mkono wa kulia, ameelekea kichakani.

Mkono wa kulia. Umati mzima ule hakuna aliyejua alikuwa anatafuta nini pale isipokuwa mimi. Alikuwa anatafuta kinu.

Padri alipotangaza kanisani kwamba Bruda amefia Kongo, nilimvuta Mama kanga nikamuuliza, "Mama, Kongo ndiyo Ufaransa?" Mama alinigeukia. Akanifinya mdomo kwa vidole viwili, kwa nguvu, mpaka nikasikia damu. "Usiulize tena neno hilo," akasema. "Kwa mtu yeyote." Nilidhani nimefinywa kwa kupiga kelele kanisani.

Baba ndiye aliyemwogesha kwa mara ya mwisho. Alijifungia naye chumbani, akakataa msaada.

Kisha wakakaa kikao kwenye baraza la parokia: Padri, mwenyekiti wa kijiji, na askari wawili waliotoka mbali. Papa Kalunga hakuonekana tena upande wetu, wala boti yake. Baba alisimama, kofia mkononi. Mimi nilikuwa nimejibanza kwa Mama, na nilijua wakiniuliza nitasema, kwa sababu sikuwa na nguvu tena ya kunyamaza.

"Mtoto wako huwa anashinda na mzee," askari alisema. "Siku hiyo alikuwa wapi?"

"Huyu nilimtuma kwa shangazi yake kupeleka unga tangu mchana," baba akasema. "Nyumbani sikuacha mtu."

"Mlango nani aliufungua?"

"Niliuacha wazi mimi."

"Kuna watu wanasema ulipewa kitu na watu wa boti."

Baba alitazama kofia yake. "Waseme," akajibu.

Walimchukua, wakakaa naye wiki mbili, wakamrudisha amekonda. Kazi ilikuwa imekwisha. Padri hakumtazama usoni, na watu waliokuwa wakija jikoni kuomba ukoko wa mkate sasa walivuka njia. Mzungu ameuzwa, walisema. Mpishi amemuuza.

Na mimi nilifikiri nini? Nilifikiri baba amesahau. Wallahi, ndivyo nilivyofikiri. Aliniachia Bruda kwa mdomo wake, mimi nikaitikia, na sasa anasema alinituma kwa shangazi! Nikaona ameupata ugonjwa wa Bruda kwa kule kumwogesha kila siku. Niliogopa kuliko nilivyoogopa askari. Nilikuwa namchungulia anapokula, anapofunga viatu. Jioni moja nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza, "Baba, mimi naitwa nani?"

"Skolastika Filibeti," akasema. "Darasa la tatu."

Nikashukuru Mungu. Baba alikuwa mzima, alikuwa amesahau ile siku moja tu, na siku hiyo ndiyo niliyotaka isahauliwe. Nikalala.

Tulihamia Mamba juu ya lori la dagaa. Bibi alitupa kipande cha shamba, na baba ambaye hakuwahi kushika jembe akaingia kwenye majaruba ya mpunga na ile mikono yake. Ilipasuka, ikaota sugu, ikawa mikono ya mtu mwingine. Mkate hakuoka tena hata Krismasi. Habari zilitufuata, kwa kuwa Mamba na ziwani si mbali kwa maneno, na kanisani kila walipochagua wazee wa kanisa jina lake lilirukwa. Hakulalamika. Alikuwa mtu wa kukaa nyuma, karibu na mlango.

Nilikua, nikaondoka, nikajifunza ushonaji, nikafungua kibanda Mpanda. Bado niko shule, tulipofika kwenye somo la ramani ya dunia, nilikuwa nimekwisha kujua kwamba Kongo si Ufaransa, lakini niliiona kwa macho siku hiyo, Ufaransa ilipo na sisi tulipo, nikafunga kitabu. Nilipokuwa naenda Mamba kuwaona, baba alinisindikiza mpaka linapopita gari, akanibebea kifurushi cha mchele, na kabla sijapanda aliniuliza daima, "Hakuna neno?"

"Hakuna, baba."

Nilidhani ni kuagana kwa wazee. Wakati mwingine nilidhani anataka kusikia habari za mchumba. Wiki aliyokufa nilimpigia simu, Mama akamshikia sikioni, nikasikia pumzi zake kwanza, halafu, "Skola. Hakuna neno?" Wateja walikuwa wamesimama mlangoni. Nikamwambia, "Hakuna, baba. Wewe pumzika."

Basi siku ile ya matanga nimekaa sakafuni pale Mamba, na fundo la ule mfuko limefunguliwa zamani na mtu mwingine. Nikaikunjua karatasi. Mistari ya Bruda ilikuwa imenyooka vile vile. DARAJA. KINU. Mahali pa kinu palikuwa na alama ya kidole yenye tope. Na juu, upande wa kulia, kwa herufi zangu kubwa za kitoto: Skolastika Filibeti, Darasa la Tatu.

Mama alikuwa mlangoni, ameegemea fimbo.

"Umeipata," akasema.

"Mama. Mlijua?"

"Alimwogesha yeye, nani mwingine angeiona? Aliileta nyumbani ndani ya shati. Akasema, mama Skola, huyu mtoto tusimguse. Akipata akili atasema mwenyewe, na siku hiyo nitamwambia alikuwa mtoto, yaishe."

"Mbona hakuniambia? Miaka yote hii, Mama. Watu wanamtukana, yeye ananyamaza. Mbona hakuniuliza?"

Mama alikaa taratibu kwenye kitanda cha baba, akalaza fimbo mapajani.

"Alikuwa anakuuliza," akasema. "Kila ulipoondoka alikuwa anakuuliza. Akirudi kutoka barabarani mimi namtazama tu, naye anatikisa kichwa, anachukua jembe. Hata simu ile ya mwisho, alinirudishia akaniambia, bado."